Msalaba Uliolala Upande

Bibi mzaa mama alikuwa na jibu moja akiulizwa habari za kwao: "Tulikuwa watano." Majina aliyataja matatu, lake likiwa mojawapo, kisha angegeuza mazungumzo. Alipofariki tukabaki na hao wawili wasio na majina. Mama hakuwajua, wajomba hawakuwajua. Nilichorithi mimi ni cheti chake cha ndoa, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka, kikiwa na jina la parokia na namba ya ukurasa. Nikafunga begi.

Nilipanda basi la alfajiri na mvua ikatusindikiza njia nzima. Pale ofisini niliambiwa vitabu vya zamani havitolewi, nisubiri. Nikasubiri mpaka saa saba mchana. Paroko, yaani padre msimamizi wa parokia, alipofika aliniuliza swali moja tu: "Unamtafuta nani?" Nikamwambia, ndugu za bibi yangu. Akaenda kufungua kabati.

Kitabu cha ndoa kilikuwa kipana, karatasi zimegeuka rangi ya kutu, maandishi yote ya Kilatini. Ukishajua maneno kumi unasoma bila shida: sponsus ni bwana harusi, sponsa ni bibi harusi, filia ni binti wa fulani, testes ni mashahidi. Na mashahidi hao hawakuandikwa kwa hiari ya padre. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563 uliagiza kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, na kwamba paroko awe na kitabu cha kuandika majina ya wanandoa, majina ya mashahidi, siku na mahali. Nia ilikuwa kukomesha ndoa za siri. Mimi zaidi ya karne nne baadaye nanufaika na hofu hiyo.

Ndoa ya Bibi ilikuwa na mashahidi wawili, wote wanaume. Wa kwanza jina lake la pili lilikuwa jina la baba yake Bibi. Moyo ulinidunda. Nikampigia mama simu palepale, nikamwambia nimempata mmoja. Bahati nzuri nikaendelea kufunua kurasa, maana ukurasa uliofuata alikuwepo tena, na uliofuata, na uliofuata. Ndoa kumi na moja mfululizo, shahidi ni yuleyule. Alikuwa katekista! Aliyekuwa karibu na altare ndiye aliyetia sahihi, na hilo jina la pili lilikuwa limegongana tu. Ilibidi nimpigie mama tena. Tangu hapo, nikikuta shahidi, kwanza nasoma kurasa ishirini za mbele na ishirini za nyuma.

Shahidi wa pili hakuonekana popote pengine katika kitabu kizima. Mtu aliyetoka kwake akaja kusimama mara moja tu, kwa ajili ya ndoa hii tu, huyo ana sababu. Ila jina lake la pili halikufanana na lolote la kwetu, na hakujua kuandika: mbele ya jina lake pana msalaba wa wino. Msalaba wenyewe umelala upande, mstari wa juu umeelekea kulia kama mti uliosukumwa na upepo. Nikaupiga picha bila kujua kwa nini.

Safari ya pili ilikuwa ya kutafuta ubatizo. Bibi alibatizwa kigangoni, kanisa dogo lililo chini ya parokia, na vitabu vya kigango hutunzwa parokia mama, kwa hiyo nikaenda huko, safari ya siku nzima. Kitabu cha ubatizo kina kitu ambacho cha ndoa mara nyingi hakina: jina la mama. Hapo lugha yetu inatuponza kidogo. Tukisema "ndugu" tunamaanisha hata mtoto wa baba mdogo, na mzee akikuambia "huyu ni kaka yangu" hujajua bado kama walizaliwa tumbo moja. Jina la baba pekee halitoshi. Nikaorodhesha kila mtoto mwenye baba yule na mama yule, miaka kumi na mitano kwenda mbele na nyuma.

Nikapata wanne: Bibi, wale wawili aliowataja, na binti mmoja ambaye hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumsikia. Kurasa za miaka mitatu ya katikati mchwa walikwisha kuzila, zimebaki pindo kama nyavu. Nilijua kwamba sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko apeleke nakala ya vitabu kwa askofu kila mwisho wa mwaka, kwa hiyo nikazifuata huko pia. Nakala za miaka ile hazikuwepo. Siku mbili zikaishia hapo.

Lakini yule binti alikuwa na maandishi pembeni ya jina lake, madogo, ya wino tofauti. Hiyo ni kazi ya amri ya Papa Pius wa 10, Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908: mtu akifunga ndoa, taarifa irudishwe parokia alikobatizwa, iandikwe kando ya jina lake. Watu wengi wanaotafuta ndugu husoma mstari na kuruka pembeni. Mimi nilitaka kuubusu ule ukingo wa karatasi. Ulitaja parokia, siku, na jina la mume.

Parokia ya tatu ilikuwa mbali kuliko zote. Katibu wa pale, mama mmoja mchangamfu, alikitoa kitabu kabla sijamaliza kujieleza. Ndoa ya yule binti tuliipata kwa dakika tano. Mashahidi wawili. Mmoja alikuwa kaka wa bwana harusi. Wa pili alikuwa na jina lilelile la ubatizo la shahidi wa Bibi, ila sasa jina la pili ni la baba yake Bibi, na padre huyu, Mungu amrehemu, aliongeza maneno mawili: frater sponsae, kaka wa bibi harusi. Mbele yake msalaba. Nikatoa simu, nikaweka ile picha pembeni ya ukurasa. Misalaba yote miwili imelala upande mmoja, kulia.

Katibu akasema binti wa ndoa hii yu hai, anakaa nyuma ya kanisa.

Nilimkuta ameketi mlangoni. Nikampa shikamoo, nikajieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama bibi yako ni dada wa mama yangu, basi mama yako ni mdogo wangu. Mimi ni mama yako mkubwa. Kaa." Nikamwonyesha picha. Macho yake hayasomi tena, ikabidi niikuze mpaka msalaba ukajaa kioo.

"Mjomba," akasema. "Alikuwa wa mkono wa kushoto. Hata jembe alilishika hivyo." Kuhusu lile jina la pili lililoandikwa kwenye ndoa ya Bibi alicheka: padre aliuliza jina, mjomba akataja la babu yake, kwa kuwa ndilo aliloitwa nyumbani.

Nikamsomea orodha yangu, wa kwanza hadi wa tano. Alikuwa akihesabu kwa vidole. Nilipomaliza, kidole kimoja cha mkono wa pili kilikuwa bado kimesimama.

"Umemsahau mdogo wao wa mwisho."

Nikamwambia vitabuni hayumo.

"Atakuwemo vipi? Alikufa padre hajapita bado." Kisha akanitajia jina, nikaliandika.