Kutenganisha mafuta na maji taka bila pampu wala kemikali

Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yakipewa muda kwenye maji yaliyotulia hupanda yenyewe. Kila unachoongeza juu ya hapo, iwe mota au kichujio, kesho kitadai matengenezo.

Kinachoamua ni ukubwa wa tone. Mafuta yenye uzito wa 0.9 ukilinganisha na maji, katika nyuzi joto 20, hupanda hivi: tone la mikromita 150 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kama mita 4.4 kwa saa, la 60 kama mita 0.7, na la 20 takriban sentimita 8 tu. Chukua wingi wa maji katika saa yenye msukumo mkubwa kuliko zote, si wastani wa siku, kisha ugawe kwa kasi ya tone unalotaka kulinasa, upate eneo la uso wa maji. Mita moja ya ujazo kwa saa na tone la 60 zinahitaji uso wa maji wa mita za mraba 1.4. Weka 3, maana maji hayatembei sawasawa tangini. Kuongeza kina hakufidii uso uliopungua. Kina ni nafasi ya tope na mafuta.

Chemba ya kwanza iwe ya mchanga. Maji yaingie kwa bomba la tii, lenye umbo la herufi T, ili yasipige uso, na yatoke kwa tii nyingine inayochota chini, juu ikiwa wazi isije ikanyonya na kukausha tangi.

Mafuta nayo yatoke yenyewe. Uso wa tabaka la sentimita 10 la mafuta ya uzito wa 0.85 hukaa sentimita 1.5 juu ya kimo cha maji, basi mdomo wa mafuta, yaani ukingo yanapomwagikia, uwe juu ya mdomo wa maji kwa kiasi hicho. Ukishuka mno, pipa la mafuta linajaa maji. Ukizidi kupanda, tabaka linanenepa mpaka lifikie tii ya kutokea. Mdomo wa maji uwe mpana, vinginevyo kimo hubadilika kila mtiririko unapoongezeka na kipimo chako kinapotea. Tumia pimamaji, usikadirie kwa macho.

Matatizo mengi huanzia kabla ya tangi. Pampu ya feni hukatakata matone hadi yasipande kwa wakati. Iweke baada ya kitenganishi, au tumia ya skrubu. Sabuni nyingi hufanya maji meupe kama maziwa, na hapo hakuna ukubwa wa tangi utakaokusaidia. Maji ya moto ya jikoni huyeyusha shahamu ikapita, ikaganda mbele bombani.

Mabamba ya kuinama nyuzi 45 hadi 60 huongeza uso ndani ya tangi dogo, lakini tope huyaziba. Nisingeyaweka pasipo chemba ya mchanga inayosafishwa.

Kwa tangi la jikoni, safisha mafuta na tope vikifika robo ya kina. Ukimaliza, jaza maji safi mpaka yamwagikie mdomo wa kutokea ndipo ufungulie maji taka. Tangi tupu hupitisha mafuta ya kwanza moja kwa moja.