Si lazima hospitali ya karibu

Jana jioni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, kagongwa na lori barabara ya Sake, pale Mugunga, Goma. Mfupa wa paja umetoka nje. Watu wakapiga kelele: "Mpeleke hapo karibu!" Wengine walishataka kumpakia kwenye pikipiki, jamani, na mguu ule!

Muuguzi wa ambulansi hakubishana nao. Akakandamiza jeraha, akahesabu pumzi, akamwuliza jina lake, kisha simu: mpasuaji yupo? Damu ipo? Akanieleza haraka kwamba kituo cha karibu wangemfunga bendeji tu halafu wamhamishe, saa imeshapotea. Angekuwa anashindwa kupumua, hapo sawa, wangesimama popote kwanza. Wakashika njia ya hospitali ya Ndosho, ambako wapasuaji wamezoea majeraha ya vita.