Sauti za kukalafati: wiki ya nne

Jumatatu. Ufukweni Bagamoyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka, kurekodi sauti za mafundi wa majahazi kwa ajili ya dansi. Wiki iliyopita nilifika saa nne nikavuna kusi tupu. Leo nimepata vyote: tezo kwenye ubao, keekee ikitoboa, na nyundo ikishindilia pamba kwenye nyufa za jahazi. Babu aliyekuwa akikalafati akaniuliza, "Mjukuu wangu, kelele hizi utamuuzia nani?" Nikamwambia kuna watu watazicheza. Alicheka hadi akaweka nyundo chini.

Jumatano. Dansi ni ya dakika 12. Kwenye filamu picha hunijia imeshakatwa, fremu 24 kwa sekunde, nami naifuata. Kwenye tamthilia namngoja mwigizaji, kidole juu ya kitufe. Hapa watu sita wananingoja mimi.

Ijumaa. Mazoezi, na aibu. Kila kalafati ilipoanza, mstari wa nyuma ulichelewa. Mwalimu wao akawafokea mara mbili. Nikapanda jukwaani, nikasimama walipokuwa wamesimama: kosa langu! Spika zangu zinatazama watazamaji, kwa hiyo wale wa nyuma walikuwa wakisikia zaidi sauti iliyogonga ukuta wa mwisho wa ukumbi na kurudi, safari ya mita 50 hivi. Sauti hewani huenda karibu mita 340 kwa sekunde, basi pigo liliwafikia limechelewa kama sekunde 0.15. Kwa mguu, hiyo ni nyingi mno. Nimeazima spika mbili ndogo, nikaziweka pembeni zikiwaelekea wao. Mstari umenyooka. Nilipoomba radhi, mmoja akanijibu, "Kaka, soda sita."

Bado kuna kitu kinanikereketa. Hawa wamesomea Chuo cha Sanaa (nakiita hivyo mpaka leo, ingawa ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, tangu 2007), na sindimba na mdundiko wamezichezea mpiga ngoma anayetazama miguu yao. Faili langu halitazami mtu.

Jumapili. Nimelikata vipande 7. Kila kimoja nitakiachia kwa mkono, macho kwenye miguu, kama nifanyavyo kwenye tamthilia. Cha tano kina bodaboda inayopita kwa mbali. Nimejaribu kuichuja, nyundo nayo ikafa. Kesho alfajiri narudi kukirekodi upya. Nitabeba na hedifoni, babu anataka kujisikia.