Lynch, mji ambao hata nyumba zilikuwa za kampuni

Ukitoka Lexington kuelekea kusini-mashariki, ni mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari. Njia inaanza kujipinda milimani mpaka unafika chini ya Black Mountain, mlima mrefu kuliko yote katika jimbo la Kentucky. Hapo, kwenye bonde jembamba, ndipo ulipo mji wa Lynch. Sensa ya 2020 iliwakuta watu wasiofika 700. Miaka ya 1940 walikuwa karibu 10,000, na takriban wote walilala katika nyumba zisizokuwa zao.

Mji huu ulianza 1917. Marekani imeingia vitani, viwanda vya chuma vinataka makaa ya mawe kwa wingi, na shirika la U.S. Steel, kupitia kampuni yake tanzu ya U.S. Coal and Coke, likanunua ardhi na kujenga mji mzima pasipokuwa na mji: nyumba, hospitali, hoteli, skuli, duka, na mitambo ya kupakilia makaa kwenye treni. Hata jina ni la kwao, maana Thomas Lynch alikuwa rais wa kwanza wa kampuni hiyo. Wafanyakazi walitafutwa kila upande. Walikuja watu weusi kutoka Alabama, wahamiaji kutoka Italia, Hungaria na Poland, na wazungu wa milima hiyohiyo.

Wapo wanaousifu mji ule mpaka leo, na wana sababu. Nyumba zake zilikuwa bora kuliko za machimbo mengi ya jirani, na mgonjwa alipata daktari. Lakini mimi siwezi kuisahau hesabu yenyewe. Mshahara unatoka kwa kampuni, kodi ya nyumba inakatwa na kampuni, na ukiishiwa kabla ya siku ya malipo unakopeshwa sarafu za kampuni, ambazo kazi yake ni kununulia katika duka la kampuni.

Nilipokwenda nyumbani Wete, Pemba, msimu wa karafuu, niliyaeleza haya barazani baada ya sala ya alasiri. Majamvi ya karafuu yalikuwa yameanikwa mpaka ukingoni mwa njia. Ami yangu mmoja, mkulima tangu ujana wake, alinisikiliza kimya, kisha akauliza:

"Huyo mchimbaji analipwa kwa siku au kwa kipimo?"

Nikamwambia kwamba enzi za kupakia kwa sepetu, machimbo mengi ya Marekani yalilipa kwa tani. Kila mpakiaji alikuwa na vibati vyenye namba yake, akitundika kimoja kwenye behewa alilolijaza, na behewa likifika nje linapimwa, anaandikiwa.

"Na anayepima ni nani?"

"Mtu wa kampuni, Ami."

Baraza zima likaguna. Hapa hawakuhitaji maelezo zaidi. Kila aliyewahi kuchuma karafuu kwa mtu anajua ugomvi wa pishi: ijazwe kichuguu au ifutwe sawasawa, na nani mwenye kuishika. Nikawaeleza kuwa wachimbaji wa Marekani walipigania jambo hilohilo miaka mingi, wapate mpimaji wao wenyewe, wamemchagua na wanamlipa wao, asimame pale kwenye mizani na kuandika anachokiona. Lilikuwa miongoni mwa madai ya mwanzo kabisa ya vyama vyao.

Ami akatikisa kichwa. "Sisi mnunuzi wetu mmoja, Shirika," akasema, yaani ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, "na bei tunapangiwa. Lakini mkarafuu nimeurithi kwa babu yako, na nyumba nimeijenga mwenyewe. Huyo akigombana na mkubwa wake, analala wapi?"

Ndilo swali lenyewe. Katika miji ya kampuni, kazi ikiondoka, nyumba nayo inaondoka. Aliyeumia, aliyefukuzwa, mjane wa aliyefia chini, wote walikaa kwa hiari ya mwenye mgodi. Kwa hiyo mtu alifikiri mara nyingi kabla ya kufungua mdomo, na mimi naamini nyumba zile nzuri zilijengwa pia kwa ajili hiyo.

Baadaye zikaja mashine, na mashine moja ikatosha kwa wanaume wengi. Mgodi wa Lynch uitwao Portal 31 ulifungwa miaka ya 1960. Kampuni ikawauzia wakaazi nyumba, wakati ambao kazi za kuwaweka pale zilikuwa zinakwisha. Watu wakahamia Cleveland, Detroit, Chicago.

Weusi wa Lynch ndio walionigusa zaidi. Chini ya ardhi walichimba pamoja na wazungu, lakini juu watoto wao walikuwa na skuli yao ya kubaguliwa. Walipotawanyika walianzisha chama, Eastern Kentucky Social Club, na kila mwaka mwanzoni mwa Septemba wanakutana katika mji mmoja au mwingine, wajukuu wakiwemo, hata wale ambao hawakuzaliwa milimani. Mwisho wa Mei wengine hurudi Lynch kwenyewe. Mtu wa Pemba anayekata tiketi ili Idi imkute kwao atawaelewa bila mkalimani.

Wenzangu mlioko Kentucky, Ohio na Tennessee, wapelekeni vijana wetu. Portal 31 sasa ni makumbusho, wageni wanaingizwa ndani kwa kitreni, ila pigeni simu kwanza mhakikishe wamefungua. Kisha shukeni Benham, mji wa pili yake, mkaone duka la kampuni lililogeuzwa makumbusho ya makaa ya mawe. Tangu 2017 umeme wa jengo hilo unasaidiwa na paneli za jua zilizofungwa juu ya paa. Mimi nakwenda tena Mei, na ndani ya gari nafasi ipo.