Dola 50 za juri na paka wa Springfield

Mwezi uliopita nimefungua sanduku la barua, katikati ya matangazo ya pizza na bili ya umeme nikakuta bahasha ya mahakama ya shirikisho. Nikaisoma nimesimama palepale, funguo za gari mkononi. Naitwa kwenye juri, lile kundi la raia wa kawaida wanaoamua kesi. Saa 2 asubuhi, katikati ya jiji la Columbus, hapa jimbo la Ohio, Marekani, malipo dola 50 kwa siku.

Najua, wa nyumbani mshaanza kupiga hesabu. Acheni. Mimi nabeba boksi shifti ya usiku, saa 10 kwa mkupuo, na dola 50 hapa naipata kabla ya mapumziko ya kwanza. Nikikesha kazini nitasinzia mbele ya jaji, nisipokesha kodi ya nyumba inanitazama. Sheria inamkataza bosi kukufukuza kwa sababu ya juri, ila haimlazimishi kukulipa hizo siku. Na usipotokea bila sababu ni faini mpaka dola 1,000, au siku 3 ndani. Yaani natakiwa kupata hasara, na nikiikwepa hiyo hasara nafungwa!

Kwanza nilijua ni matapeli tu. Huku wapo wanaopiga simu wakijifanya polisi, eti umekwepa juri, lipa sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani. Kwa hiyo namba iliyokuwa kwenye barua sikuipiga. Nikaingia kwenye tovuti ya mahakama, nikatafuta namba mwenyewe, nikapiga. Mama aliyepokea akacheka akasema barua ni ya kweli, na kwamba laiti wote wangekuwa waangalifu hivyo. Nikavimba kichwa kidogo. Shikeni hapo hapo kwenye uangalifu wangu, tutarudi.

Halafu nikakumbuka mtihani wa uraia. Nilifanya ule wa zamani, maswali 100 ya kusoma, afisa anakuuliza 10, unapata 6 umepita. Mojawapo linataka utaje wajibu mmoja ulio wa raia peke yao. Majibu ni mawili: kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho, au kutumikia kwenye juri. Nililikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha darasa la tatu kule Muheza, kwa kuogopa fimbo. Afisa aliponiuliza nikajibu "juri" kabla hajamaliza sentensi. Zile dola 725 za maombi nilikuwa nimeshalipa, nikaapa, nikapewa kibendera, wenzangu wakanipikia pilau. Miaka ikapita, sasa jibu langu limenifuata nyumbani kwa posta.

Hapa niwakatishe kidogo wadogo zangu mnaosubiri makaratasi, maana hili limewaangusha watu. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, karani anaweza kukuuliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Ni sheria ya tangu 1993, anawauliza wengi, hajakuchunguza wewe ni nani. Mwenye grini kadi jibu ni HAPANA. Usitie saini karatasi usiyoielewa kwa sababu tu foleni nyuma yako ni ndefu. Ukisaini kwamba wewe ni raia na siyo raia, kisingizio cha Kiingereza kibovu kinaweza kisikusaidie, wapo waliopoteza kila kitu kwa kiboksi kimoja cha kutiki. Na barua ya juri ikikukuta hujawa raia, usiitupe. Ndani kuna swali la uraia, jaza ukweli, rudisha.

Basi siku ikafika. Tulikuwa kama 40 kwenye chumba chenye kahawa mbaya. Kulia kwangu binti wa nywele za buluu, kushoto mzee wa Kizungu mwenye kofia ya matrekta ambayo askari wa mlangoni alimwambia aivue akiingia mbele ya jaji. Nyumbani tulikuwa na wazee wa baraza kwenye kesi za mauaji, lakini wale walikuwa wakishauri, jaji anawasikiliza kisha anaamua yake. Huku watu 12 wa mitaani, mmoja fundi bomba, mmoja muuza duka, ndio wanaosema ana hatia au hana, na kwenye jinai lazima wote 12 wakubaliane. Mmoja akikataa, hakuna hukumu.

Jaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akaanza kutuuliza. Nani ana ndugu polisi? Nani amewahi kuibiwa? Nani anaona hawezi kuwa wa haki kwenye kesi hii? Yule mzee wa matrekta akanyoosha mkono. Akasema, mheshimiwa, mimi nikiona mtu amekamatwa moyo wangu unaniambia amefanya kitu. Najitahidi kuuzuia lakini ndivyo nilivyo.

Nikajua atafokewa. Jaji akamshukuru! Akamuuliza mawili matatu kwa upole, akaandika. Mzee akaketi, masikio mekundu. Mtu mzima amejianika mbele ya watu 40 asiowajua, kwamba yeye huhukumu kabla ya kusikiliza.

Jaji akaendelea. Maneno ya mawakili siyo ushahidi. Mlichosoma kwenye simu siyo ushahidi, na msiende kukitafuta. Shahidi kwa kawaida aseme alichokiona na kukisikia mwenyewe, siyo alichoambiwa na fulani aliyeambiwa na fulani. Hapo na mimi masikio yakaanza kupata moto, ila kwa weusi huu hakuna aliyeona.

Nilikumbuka Septemba 2024. Mji wa Springfield uko magharibi mwa hapa, unashika barabara kuu namba 70, chini ya saa moja umefika. Mji ule miaka ya 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 80,000, viwanda vikafa, wakabaki chini ya 60,000. Wahaiti wakaja kwa maelfu kufanya kazi za viwandani na maghalani, wengi wao wakiwa na makaratasi halali ya ulinzi wa muda, yaani ruhusa ya kuishi na kufanya kazi huku kwa kipindi. Matatizo ya kweli yalikuwepo, sitayaficha: foleni kliniki, kodi za nyumba kupanda, madereva wasiozijua barabara. Mwaka 2023 dereva Mhaiti aligongana na basi la shule, mtoto wa miaka 11 akafariki. Baba yake mtoto mwenyewe alikuja kusimama mbele ya halmashauri ya mji akawaomba wanasiasa waache kulitumia jina la mwanawe kupandia chuki.

Sasa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha Waswahili wa hapa ikaingia sauti: Wahaiti wanakula paka za watu. Ikafuatiwa na picha ya mtu mweusi amebeba bata bukini. Mimi, huyu huyu mwangalifu wa namba za simu, nikaifowadi kwenye vikundi vitatu, kimoja cha kanisani. Nikaongeza na neno langu: "Hawa ndugu zetu wanatuaibisha." Sikumuuliza mtu yeyote nani kaona.

Siku mbili tatu baadaye, tarehe 10, Trump akalisema kwenye mdahalo mbele ya nchi nzima. Mtangazaji akamwambia meneja wa mji amesema hakuna taarifa ya kuaminika. Haikusaidia. Mambo yalipochimbuliwa, andiko moja la Facebook lililowasha moto lilikuwa hivi: jirani yangu kaniambia rafiki wa binti yake kapoteza paka. Hesabuni wenyewe hapo kuna midomo mingapi. Mama mwingine aliyewaripoti majirani zake Wahaiti polisi, paka wake alionekana siku chache baadaye kwenye chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe, mzima kabisa. Na ile picha ya bata? Ilipigwa hapa hapa Columbus, mji ninaolipia kodi. Hakuna kilichoonyesha jamaa ni Mhaiti, na watu wa wanyamapori wakasema ndege wale waligongwa na gari.

Wiki ile kwenye mapumziko nilikaa na jamaa wa Haiti tuliyekuwa tunapanga naye boksi. Dada yake anaishi Springfield, watoto hawajaenda shule kwa vitisho vya mabomu. Gavana wetu wakati huo, DeWine, wa chama kile kile cha Trump na aliyezaliwa Springfield hiyo hiyo, alisema vitisho vilizidi 30, vyote vya uongo, akapeleka polisi wa jimbo mashuleni. Jamaa alikuwa na wali na maharage kwenye kopo. Akanisogezea, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Karibu, onja paka." Tukacheka wote wawili. Simu yangu ilikuwa mfukoni na lile neno langu ndani yake.

Nitasema ukweli, mwanasiasa hajanishangaza. Nimekulia kwenye kampeni za kofia na kanga, najua ahadi inavyotengenezwa. Vance, aliyekuwa seneta wetu na mgombea mwenza wa Trump, alisema kwenye televisheni kwamba kama inabidi atengeneze hadithi ili vyombo vya habari vitazame shida za Wamarekani, atatengeneza. Na wilaya ya Clark, ulipo mji ule, ikampa Trump kura nyingi Novemba. Sisemi walipigia kura paka, wengi walipigia bei ya mayai. Kinachonila moyo ni sisi. Wiki hiyo hiyo kwenye kituo cha mafuta mtu aliniuliza kama natoka Haiti. Nikamwambia Tanzania. Akasema, "Yote mamoja." Na bado nilichelewa kuelewa!

Yule mama wa paka, shabiki wa Trump mwenye kofia na fulana yake, alikwenda kwa majirani zake akaomba radhi, akisaidiwa na binti yake na programu ya simu ya kutafsiri. Mimi nilifuta tu ujumbe. Kwenye vikundi viwili muda wa kufuta ulikuwa umeshapita, umebaki mpaka leo. Yule jamaa wa Haiti wa kazini ameshahamia Indiana. Sijamwambia.

Basi, kwenye juri hawakunichukua. Mawakili walinong'ona, karani akasoma majina ya wanaoondoka, langu na la mzee wa matrekta yakafuatana. Saa 7 mchana niko nje, maegesho dola 14. Mzee akanipa mkono, akasema safari njema. Hundi ya dola 50 ikaja baadaye kwa posta.

Kosa nililofanya ni kuwasimulia kikundini. Sasa naitwa Mzee wa Baraza. Juzi saa 5 usiku mama mmoja wa kikundi, wa kutoka Mombasa, mkarimu sana, samosa zake hazina mfano, katuma sauti ya dakika 4 kuhusu maafisa wa uhamiaji na duka moja la Kiafrika. Imeanza hivi: "Mzee wa Baraza, nakuheshimu kakangu, lakini leo usiniulize nani kaona. Nimeambiwa na mtu wa uhakika."