Gramu 60

Mzani wangu wa samaki unapunja. Nimejua tangu Mlisho, mwezi wa kabla ya Ramadhani, nilipoweka pakiti ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa, na mshale ukaenda hadi kilo moja na gramu 60. Labda kiwanda kimezidisha, nikajiambia. Nikaweka ya pili. Vile vile. Nikafunika sukari kwa gunia, nikaenda zangu kuswali adhuhuri msikiti wa Riyadha, na baada ya swala nikasoma kila sura niijuayo isipokuwa ya 83, ile inayoanza kwa ole wa wapunjao vipimo.

Kumdanganya mteja, mtu hujua anadanganya. Kujidanganya ndiko kuna adabu zake: hupiga hodi, huja na maneno mazuri. Chumvi ya bahari imekula springi, si mimi. Sadaka ya Ijumaa natoa. (Shilingi ishirini, na wallahi huwa nazihesabu.)

Juzi bibi mmoja wa Langoni, mteja wa siku nyingi, akachukua kilo mbili za changu.

"Mwanangu, samaki wako siku hizi wanajaza mzani, sufuria hawajazi."

Akacheka. Mimi koo lilikauka.

"Bibi, mzani mbovu. Na nimejua muda."

Akanitazama, akavuta buibui lake. "Haya, nitilie mmoja. Na wenzangu?"

Sasa natumia mzani wa jirani. Kwenye daftari nimeandika majina ninayoyakumbuka, kumi na moja. Saba nimeshawaendea. Yule mwenye hoteli, aliyekuwa akichukua kilo kumi kila siku, bado.