Robo dola yenye chombo cha tanga

Ami yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, safari moja karudi Tanga na robo dola akaniwekea kiganjani, "mwanangu, hii usiitumie, itazame kwanza." Upande mmoja kichwa cha George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Geuza sasa! Chombo kinakata maji, tanga limejaa upepo, nyuma yake daraja refu, juu imeandikwa Rhode Island 1790, chini mwaka 2001. Ukiitazama ubavuni kuna mstari mwekundumwekundu, hiyo ni shaba, imebanwa na madini meupe huku na huku.

Tangu siku hiyo Rhode Island imenikaa moyoni. Ndo jimbo dogo kuliko yote Marekani, kilomita za mraba kama 4,000 ukihesabu na maji yake, yani mkoa wetu wa Tanga unaimeza mara sita na nafasi inabaki. 1790 ndo mwaka waliokubali katiba ya Marekani, wakiwa wa mwisho kwenye yale majimbo 13 ya mwanzo, kwaiyo hata sarafu yao ikatoka ya 13, maana kuanzia 1999 mpaka 2008 zilikuwa zinatoka sarafu tano kila mwaka, kila jimbo na mchoro wake, aliyetangulia kuingia ndo anatangulia kutoka. Delaware, nayo kijimbo kidogo, ikafungua na Caesar Rodney juu ya farasi wake, yule aliyekwenda usiku kucha kwenye mvua na radi mwaka 1776 awahi Philadelphia kupiga kura ya uhuru.

Rhode Island wenyewe walipiga kura kuchagua mchoro, na chombo kikashinda. Daraja ni Pell Bridge la Newport, limefunguliwa 1969, na hayo maji ni ghuba ya Narragansett. Bendera yao ina nanga na neno moja tu, Tumaini. Ndege wao wa jimbo ni kuku! Rhode Island Red, tangu 1954, na wafugaji mnaosoma hapa mnamjua, wale kuku wekundu wa mayai wengi wana damu yake. Kinywaji chao ni maziwa yaliyotiwa sharubati ya kahawa.

Ila ninayoitamani kuliko zote ni nusu dola yao ya fedha ya 1936, ya kuadhimisha miaka 300 ya mji wa Providence. Roger Williams, mwanzilishi wa mji huo, aliyefukuzwa Massachusetts kwa sababu ya imani yake, yuko kwenye mtumbwi anafika, na mwenyeji kasimama juu ya jiwe anampokea. Sarafu ndogo vile lakini imebeba kisa kizima, mgeni na mwenyeji.

Sasa sisi, mji wetu jina lake tu ni Tanga, na kwenye sarafu za mfukoni kuna faru, swala, simba, nyati, wanyama wazuri sana na nawapenda, lakini chombo hamna, na hili linaniuma kweli. Nimemwambia ami mie ningechora jahazi linaingia bandarini jioni, kisiwa cha Toten pembeni, na chini kwenye maji silikanti, samaki wetu wa kale mwenye hifadhi yake hapa tangu 2009. Ami kasema jahazi hapana, weka ngalawa. Bado tunabishana.